Subaru ya turbo: busti haifiki, inapitiliza, au injini inagonga? Tafuta chanzo kabla ya kuzungusha skrubu

Malalamiko haya hufanana sana. Gari ni Impreza WRX, STI au Forester ya turbo iliyotoka Japan, injini ni EJ20. Mwenye gari anataka busti (presha ya hewa inayosukumwa na turbo) iongezwe, au ameshaongeza na sasa gari linakatika, linamisi, au linatoa mlio kama kokoto ndani ya kopo. Ukichunguza, mara nyingi skrubu ya busti ilizungushwa ili kufunika ubovu mwingine: mpira uliopasuka, solenoidi (vali ya umeme) iliyoziba, sensa chafu. Gari likapata nguvu kwa wiki mbili, kisha pistoni ikaondoka.

EJ ni injini nzuri, ila haivumilii kugonga, yaani mchanganyiko wa hewa na mafuta kulipuka bila mpango, chini ya busti. Pistoni za kiwandani huvunjika kwenye kingo zinazoshika ringi, na silinda ya 4 ndiyo hutangulia mara nyingi kwa kuwa hupata joto zaidi. Ndiyo maana mwongozo huu unaanza na vipimo, na suala la kuongeza busti limewekwa mwisho kabisa.

Kwanza vipimo

Hakikisha unajua geji yako inasoma nini. Bar 1 ni sawa na psi 14.5, au kPa 100, au kilo 1.02 kwa sentimita ya mraba. Geji nyingi za Japan zimeandikwa ×100 kPa au kg/cm², kwa hiyo 1.0 juu yake ni karibu bar 1. Kuna gari lililowahi kusemwa "lina busti 14" na fundi akadhani ni tatizo, kumbe ni psi, yaani bar 0.97 tu. Hapa tunatumia bar za geji, maana yake juu ya presha ya hewa ya mahali ulipo.

Maneno hayo "ya mahali ulipo" ndiyo yanayosahaulika zaidi. Mombasa na Dar es Salaam presha ya hewa ni karibu kPa 101. Arusha ni karibu 86, Nairobi karibu 82, Eldoret karibu 78. Ili turbo itoe bar 1.0 ya geji Mombasa, inabidi iibane hewa mara mbili. Ili itoe hiyo hiyo 1.0 Nairobi, inaibana mara 2.2. Turbo inazunguka kwa kasi zaidi, hewa inatoka ya moto zaidi, na bado inayoingia kwenye silinda ni kidogo kuliko ya pwani. Kompyuta ya Subaru inalijua hili: ina marekebisho ya mwinuko, hupunguza busti inayolengwa ili turbo isizunguke kupita kiasi, na hata kikomo cha kukata mafuta hupangwa kulingana na presha ya hewa ya mahali. Kwa hiyo WRX ambayo haijaguswa ikisoma chini kidogo ya kawaida Nairobi haijaharibika. Usitibu gari ambalo si bovu.

Kwa rejea, WRX yenye turbo ya TD04 hukaa karibu bar 0.9 usawa wa bahari, halafu hushuka kadiri rpm zinavyopanda kuelekea 6,500. Kushuka huko ni kawaida ya turbo ndogo. STI hufika karibu 1.0 au zaidi kidogo, kutegemea toleo.

Vifaa vya lazima ni geji ya busti inayosoma kweli, pampu ya mkono yenye geji ya kupimia kikopo cha westigeti (mlango unaopunguza moshi unaozungusha turbo), maji ya sabuni, tochi, na kifaa cha kurekodi data za kompyuta. Programu ya RomRaider ni ya bure na hufanya kazi na kebo ya Tactrix OpenPort 2.0, Accessport nayo inafaa kwa magari inayoyakubali. Kile kiadapta cha bei rahisi cha bluetooth husoma kodi (namba za hitilafu) vizuri, lakini hakitoshi kufuatilia kugonga. Kama unataka kubadili busti, ongeza sensa ya wideband ya kusoma mchanganyiko wa hewa na mafuta. Bila hiyo usiendelee kupita hatua ya ukaguzi.

Majaribio ya kukanyaga mafuta hadi mwisho yafanyike kwenye daino (mashine ya kupimia nguvu ya gari) au uwanja uliofungwa. Gia ya tatu hadi rpm 6,000 tayari ni zaidi ya kilomita 110 kwa saa, na barabara ya umma si mahali pake.

Dalili: busti inaishia 0.5 au 0.6 na haipandi zaidi

Namba hii yenyewe ni ushahidi. Springi ya kikopo cha westigeti kwa turbo nyingi za Subaru hufungua kati ya 0.5 na 0.7. Busti ikigandia hapo, ina maana kompyuta haiongezi chochote, au imeamua isiongeze. Mara nyingi kodi P0244 au P0245 huonekana. Matoleo mengi ya Japan ya miaka ya 1990 hayasomeki kwa kifaa cha kawaida cha OBD2 cha kusomea kodi, hivyo kukosa kodi hakumaanishi gari ni zima.

Anza na cha bure: taa ya injini inawaka? Kompyuta ya Subaru ikiona hitilafu fulani, au ikiwa imewahi kusikia injini ikigonga sana, hupunguza busti kwa makusudi. Katika rekodi tafuta thamani inayoitwa IAM, au DAM kwenye Accessport: inaonyesha jinsi kompyuta inavyothubutu kurusha cheche mapema. Kompyuta za zamani za biti 16 zinapaswa kusoma 16, za biti 32 zinapaswa kusoma 1.0. Ikiwa imeshuka, acha sehemu hii nenda moja kwa moja kwenye dalili ya kugonga. Kompyuta inailinda injini. Ukiilazimisha busti ipande hapo unaivunja ile ngao.

IAM ikiwa nzima, kagua soketi ya solenoidi ya busti, upande wa kulia wa chumba cha injini. Ichomoe, angalia kutu na pini zilizolegea. Pima ukinzani wa koili kwa multimita: ukikuta haina mwisho, koili imekatika. Kisha ipe umeme wa volti 12 kwa sekunde moja moja huku ukipuliza kwa mdomo kupitia mpira safi. Lazima ifungue na kufunga kwa kusikika. Solenoidi nyingi zinazokufa hazijaungua, zimejaa mvuke wa oili uliokauka. Safisha kwa dawa ya kusafishia breki, iache ikauke, ipime tena.

Halafu angalia kitu kidogo sana ambacho mafundi wengi hukitupa bila kujua. Kwenye mpira mwembamba unaotoka puani mwa turbo kwenda kikopo cha westigeti, kuna kidonge cha chuma chenye tundu jembamba katikati, kimejificha ndani ya mpira. Kazi yake ni kubana hewa inayokwenda kwenye kikopo ili solenoidi iweze kuipunguza kwa kuimwaga kwenye mfumo wa kuvuta hewa. Mtu akinunua mipira mipya ya silikoni ya rangi, akatupa ya zamani na kidonge ndani yake, hewa inaingia kwenye kikopo kwa wingi kuliko solenoidi inavyoweza kumwaga. Westigeti inafunguka mapema, na busti inakwama kwenye springi. Bonyeza mpira wa zamani kwa vidole kutoka mwanzo hadi mwisho. Utakihisi kama mbegu ya ubuyu. Kihamishie kwenye mpira mpya, mahali palepale, kabla ya mgawanyiko wa T. Kilichopotea kirudishiwe cha tundu lilelile la toleo lako, usikadirie kwa jicho: tundu likizidi udogo busti itapitiliza.

Baada ya hapo ndipo uje kwenye kikopo chenyewe. Chomoa mpira, unganisha pampu ya mkono, panda polepole. Mkono uanze kusogea karibu na presha ya springi, na presha ikae dakika nzima bila kushuka. Ukianza kusogea kwenye 0.2, springi imechoka au mkono umerekebishwa vibaya. Ukiunganisha mkono na mlango wa westigeti, unapaswa kuuvuta milimita 1 hadi 2 ndipo tundu liingie kwenye pini. Mvuto huo ndio unaoufanya mlango ukae umefungwa sawasawa. Watu huuvuta milimita 5 ili kupata busti. Hapo mlango haufunguki hadi mwisho tena, na juu ya rpm 5,000 presha inakwenda inakotaka.

Dalili: gari zito, busti inachelewa, kuna mluzi au "pshhh" chini ya boneti

Hapa hewa inavuja, na hii ndiyo hitilafu ya kawaida kuliko zote kwenye magari haya. Mpangilio wa uwezekano ni huu: mpira kati ya intakula (kipoza hewa ya turbo) na throto (mlango wa hewa wa injini), klipu zilizolegea, mpira wa vali ya kurudishia hewa, mabomba ya plastiki ya intakula, halafu ule mpira mkubwa wa kuvutia hewa unaopita chini ya manifoldi. Huo wa mwisho hupasuka upande wa chini usioonekana, na ukipasuka hewa inaingia bila kupita kwenye sensa ya MAF (inayopima hewa inayoingia), kompyuta inakosea hesabu ya mafuta.

Njia ya uhakika ni kuupa mfumo presha gari likiwa limezimwa. Tafuta kofia ya PVC ya ukubwa wa mpira wa kuingilia hewa (pima kwanza, mara nyingi inakuwa karibu inchi 3), toboa na ufunge vali ya tairi katikati yake. Ifunge kwa klipu mbili mahali ambapo sensa ya MAF hukaa. Fungua kifuniko cha oili ili sehemu ya krenki isijae presha na kusukuma sili. Ingiza hewa ya kompresa hadi 0.3, sikiliza, nyunyiza maji ya sabuni kila kiungo. Ukimaliza panda hadi 0.7, usipite hapo. Vaa miwani, na usisimame mbele ya kofia: ikichomoka kwenye 0.7 inaweza kuvunja uso wa mtu.

Angalia kwa makini mahali mpira unapokaa juu ya bomba lenye oili. Oili kidogo kwenye mabomba ya turbo ni kawaida, ila hufanya mpira uteleze. Futa kwa dawa ya breki pande zote mbili, kaza klipu, jaribu tena.

Kama mfumo haupotezi hewa na busti bado inachelewa, rudi upande wa ekzosi. Gasketi kati ya bomba la juu na turbo ikivuja, moshi unapotea kabla ya kufika kwenye feni. Dalili yake ni mlio wa tiki-tiki injini ikiwa ya baridi ambao hupungua ikipata joto, na masizi meusi pembeni ya kiungo. Katalisti (kisafisha moshi) iliyoziba hufanya gari lishindwe kupumua kabisa juu ya rpm 4,000. Kuna pia matoleo ya WRX yenye katalisti ndani ya bomba la juu kabla ya turbo. Ikimegeka, vipande vinaingia kwenye feni. Ukikuta feni ya ekzosi imelika kingo, tafuta vipande hivyo kabla ya kufunga turbo nyingine.

Turbo yenyewe inakuja mwisho wa orodha. Kabla hujalipia ya mtumba Kirinyaga Road (Nairobi) au Gerezani (Dar es Salaam), shika shafti: kuchezacheza kidogo kando kando ni sawa, kwa kuwa ikiwa kavu haina tabaka la oili. Kuingia na kutoka kwenda mbele na nyuma hakupaswi kuhisika. Feni ikigusa nyumba yake, iache dukani. Na ikiwa turbo yako ndiyo iliyokufa, tafuta kwanza kilichoiua. Kwenye injini kadhaa za EJ zenye AVCS (mfumo wa kubadili muda wa vali) kuna kichujio kidogo cha wavu ndani ya bolti ya kuingizia oili kwenye turbo. Kikiziba turbo mpya itakufa kwa njia ileile.

Dalili: gari linakatika ghafla kama limepigwa breki, kisha linarudi

Hii ni kompyuta kukata mafuta kwa sababu busti imepita kikomo. Kodi P0234 huweza kuonekana. Mkato ule ni mkali na wa ghafla, na hujirudia kwenye busti ileile. Usitafute namna ya kuuzuia. Kuna vali ndogo na vifaa vya kuidanganya sensa ya presha isione busti halisi. Ukivifunga, kompyuta inaendelea kupanga moto (wakati wa cheche kuruka) na ulinzi wa injini kwa namba za uongo. Viondoe.

Chanzo cha kwanza kabisa ni mpira wa kikopo cha westigeti uliochomoka, kupasuka au kubanwa. Kikopo kikikosa hewa, westigeti haifunguki na turbo inapanda bila kizuizi. Mpira wowote laini kupita kiasi, mgumu kama plastiki, au uliopauka kwa joto, badilisha, na ufunge klipu ndogo pande zote mbili. Chanzo cha pili ni kidonge kilichoziba. Cha tatu ni solenoidi iliyoganda ikiwa wazi: ichomoe soketi kisha chomoa na mpira unaomwaga hewa, uuzibe, busti ikirudi kwenye springi, umempata mwizi.

Kinachofuata ni kidhibiti cha mkono cha busti, kile chenye gololi na springi. Kikifungwa bila kurekebisha programu ya kompyuta, karibu kila mara kinaishia kwenye mkato huu. Kama kipo, angalia mambo matatu. Mshale uelekee kwenye kikopo. Tundu dogo la kumwagia hewa liwe upande wa kikopo, la sivyo presha inabaki imefungiwa baada ya kuachia mafuta na westigeti haifungi haraka unapobadili gia. Na solenoidi ya kiwandani isiwe bado kwenye mstari uleule, kwa kuwa viwili hivyo hupingana na busti inayumba juu chini.

Sasa tofautisha kupitiliza kwa aina mbili, maana tiba zake hazifanani. Busti ikiruka juu kwa nusu sekunde pale inapofika kileleni kisha ikatulia, hilo ni suala la udhibiti: solenoidi, kidonge, au programu. Lakini ikifika 0.9, ikatulia, halafu ikaanza kutambaa polepole kuelekea 1.2 kadiri rpm zinavyopanda, westigeti imeshafunguka yote na bado haitoshi. Hii huja baada ya kufunga ekzosi ya inchi 3 bila katalisti: moshi unapita kwa urahisi mno kwenye feni na tundu la westigeti ni dogo. Hakuna skrubu ya kutibu hili. Tundu lipanuliwe na fundi wa turbo, mlango ukae sawa baada ya hapo, au ifungwe westigeti ya nje. Hadi lifanyike, usikanyage juu ya rpm 4,500.

Dalili: linamisi chini ya busti tu, likitembea polepole liko sawa

Plagi. Hewa ikiwa nzito zaidi kwenye silinda, cheche inapata shida kuruka. Pengo la kawaida ni milimita 0.7 hadi 0.8; kwa busti iliyoongezwa tumia 0.6 hadi 0.7. Kaza kwa Nm 21 injini ikiwa ya baridi. Plagi za kuigiza zipo nyingi sokoni na hizi huwa ndizo chanzo mara kwa mara kuliko koili. Baada ya plagi badilisha koili za silinda mbili nafasi, uone kama kodi ya P0301 hadi P0304 inahama nazo.

Kama gari limefungwa vali inayotoa hewa nje kwa kelele kila unapoachia mafuta, jua kwamba MAF imeshahesabu hewa ile. Kompyuta inamimina mafuta ya hewa ambayo haipo tena, gari linatoa moshi mweusi na kumisi kati ya gia. Rudisha vali ya kiwandani inayorudisha hewa ndani.

Wakati mwingine kumisi kunatokana na ukosefu wa mafuta, na hapo hatari ni kubwa. Presha ya mafuta lazima ipande pamoja na busti: ikiwa ni bar 3 bila busti, kwa busti ya 1.0 iwe 4. Ukiona wideband inapanda kupita 12 (sehemu 12 za hewa kwa moja ya mafuta) huku busti ikiwa imejaa, achia mafuta papo hapo. Kagua pampu, chujio la mafuta, volti kwenye pampu, na injekta. Kuendelea hata mara moja zaidi kunaweza kutoboa pistoni.

Dalili: injini inagonga, au kompyuta inarudisha moto nyuma

Usingoje kuusikia mlio kwa masikio. Ukifika huko injini imeshateseka. Tazama rekodi. Marekebisho ya moto ya digrii 1 au 2 yanayotokea mara moja na kupotea, hasa wakati wa kubadili gia, huwa ni kelele tu. Yakizidi digrii 3, au yakijirudia kwenye rpm zilezile kila mara, au IAM ikishuka, acha kutumia busti hadi chanzo kijulikane.

Ondoa kelele za uongo kwanza. Ngao ya joto ya ekzosi iliyolegea, bolti ya bomba inayogusa fremu, mkono wa stebilaiza unaogonga chini: sensa ya kugonga ni maikrofoni, inasikia vyote. Tikisa kila kitu kwa mkono gari likiwa baridi. Kisha kagua sensa yenyewe. Kwenye EJ plastiki yake hupasuka kwa umri, na ikikazwa kupita au kutofikia Nm 24 inasoma vibaya.

Ikiwa kugonga ni kwa kweli, chanzo kikubwa kwetu ni petroli. Programu ya STI ya Japan iliandikwa kwa petroli ya daraja la juu ya kule, ambayo kwa kiwango cha Japan cha JIS haipungui oktani 96 na vituoni huuzwa mara nyingi ikiwa karibu 100. Super ya kawaida ya hapa haifiki huko. Gari ambalo halijaguswa kabisa linaweza kugonga kwa sababu hiyo pekee, na tiba ni kuweka petroli ya oktani ya juu kabisa inayopatikana na programu ipunguzwe moto kuendana nayo. Petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa ni mbaya zaidi. Kama kugonga kulianza ghafla baada ya kujaza tangi, mwaga tangi, jaza kituo kingine, futa kumbukumbu ya kompyuta, rekodi tena. Hifadhi risiti na chupa ya sampuli.

Kinachofuata ni joto. Intakula ya Subaru iko juu ya injini, chini ya tundu la boneti. Kwenye foleni ya mchana inageuka jiko. Mapezi yakiziba kwa vumbi au yakilala, haipozi hata barabara ikiwa wazi. Yanyooshe kwa subira, osha kutoka ndani kwenda nje. Hakikisha sponji inayoziba kati ya boneti na intakula ipo.

Halafu sensa ya MAF chafu au chujio la hewa la oili lililolowa kupita kiasi: kompyuta inadhani hewa ni kidogo, inatoa mafuta kidogo. Safisha kwa dawa ya MAF, si ya breki. Vali ya PCV (inayotoa mvuke wa sehemu ya krenki) ikiwa mbovu nayo huingiza mvuke wa oili kwenye silinda, na oili hushusha oktani ya mchanganyiko wote.

Mwisho toa plagi zote nne, ziweke kwenye kitambaa cheupe kwa mpangilio wa silinda, uziangalie kwa kioo cha kukuzia. Kauri inapaswa kuwa na rangi ya biskuti. Ukiona vitone vyeusi kama pilipili manga, mchanganyiko umekuwa ukilipuka bila mpango. Ukiona vitone vidogo vinavyong'aa kama vumbi la fedha, hiyo ni alumini ya pistoni imeyeyuka na kuganda juu ya kauri. Gari lisiwashwe tena. Ipelekwe kwa fundi wa injini apime kompresheni na uvujaji wa kila silinda, na achungulie kwa kamera. Tofauti ya kompresheni kati ya silinda ikizidi asilimia 10, au uvujaji ukizidi asilimia 20, mazungumzo ya busti yamekwisha hadi injini ifunguliwe.

Moshi na milio mingine ya kusimamisha gari

Moshi wa bluu unapoachia mafuta mteremkoni: oili inapita sili za turbo au ringi. Moshi mweupe usioisha na maji yanayopungua: gasketi ya hedi. Mlio mkali kama king'ora unaopanda na busti: feni inagusa, zima. Taa ya oili ikiwaka hata sekunde moja kwenye kona: zima, vuta gari. Mlio wa "tu-tu-tu" unapoachia mafuta ghafla ni hewa kurudi kwenye feni. Ukisikika wakati umekanyaga, turbo inasukuma kuliko injini inavyomeza na busti ipunguzwe.

Ikiwa yote ni mazima na bado unataka kuongeza

Sharti ni haya: hakuna uvujaji, IAM imejaa, plagi safi, petroli ileile kila siku, wideband imefungwa, na programu ya kompyuta imeandikwa na mtu anayerekodi data huku akiandika. Injini yenye kilomita nyingi zisizojulikana ipimwe kompresheni kwanza.

Ongeza 0.05 kwa mara moja. Kwa kidhibiti cha mkono hiyo ni chini ya robo mzunguko, na kaza nati ya kufungia kabla ya kila jaribio. Fanya mivuto mitatu (kukanyaga hadi mwisho), iache ipoe kati yake, soma rekodi kabla ya kuongeza tena. Mchanganyiko ukae kati ya 10.8 na 11.5 busti ikiwa imejaa. Injekta zisizidi asilimia 85 ya muda wa kufunguka. Kugonga kokote kunakojirudia, rudi hatua mbili. Kwa TD04 hatushauri kilele kupita 1.1 pwani, na Nairobi ni vizuri kuishia 0.9 hadi 1.0 kwa sababu ya ule mzunguko wa ziada. Baada ya hapo unapata joto zaidi kuliko nguvu.

Kuna safari moja ambayo imeharibu magari yaliyopangwa vizuri kabisa. Gari limewekwa 1.0 Nairobi kwa kidhibiti cha mkono au cha umeme kisichojua mwinuko. Ndani ya manifoldi hiyo ni kPa 182 kwa jumla. Likishuka Mombasa, geji inasoma 1.0 ileile lakini jumla ni 201: hewa zaidi kwa asilimia 10, siku ya joto la digrii 32, na huenda kwa petroli ya kituo kingine. Ili kubaki na hewa ileile ya Nairobi, geji inapaswa kusoma karibu 0.8. Rudisha skrubu kabla ya kuondoka, beba kebo, na ukifika rekodi upya kabla ya kugusa chochote.